Hela ya Msimu, Mtoto wa Kila Siku

Wajukuu zangu, sasa mna mtoto wa kwanza, nataka tuzungumze habari ya hela sasa hivi, kabla gunia la kwanza halijafika ghalani. Mkishalipwa mtakuwa na wageni wengi na mashauri mengi, na sauti ya bibi yenu haitasikika.

Huku kwetu, Masasi kule chini na Newala huku juu, hela huja kwa msimu. Korosho tunaanza kuokota Septemba, minada inaanza Oktoba, na Januari ikipita mwenye kulipwa kashalipwa. Baada ya hapo ni palizi, ni kupuliza salpha, ni kungoja. Mtoto hajui msimu. Februari anataka sabuni, Aprili mvua zikikolea anapata homa, Julai anataka uji. Kwa hiyo mnapopanga akiba, msiupangie mwaka mzima kama mtumishi wa mshahara. Ipangieni miezi ile ya katikati, Machi mpaka Agosti, kwani hiyo ndiyo miezi ya kangomba.

Kangomba mmekua mkiiona. Mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, mtoto anachemka, ndani hakuna hata elfu tano. Anatokea mtu, tena mara nyingi ni jirani mwenye maneno mazuri, anakupa hela mkononi kwa korosho ambazo bado hazijazaa. Tufanye hesabu. Mnahitaji laki moja. Anawahesabia kilo kwa shilingi 1,000, basi mmeshamwandikia kilo 100. Mnada ukija na kilo ikauzwa 3,000, mzigo ule ni laki tatu. Mmelipa laki mbili zaidi kwa kukopa laki moja, ndani ya miezi minne. Serikali inakataza mchezo huu kila mwaka na watu wanaendelea kuucheza, kwa sababu mzazi mwenye mtoto mgonjwa usiku hafikirii katazo. Atakachotazama ni kama kuna hela au hakuna. Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya akiba yenu mwaka huu, kabla ya bati na kabla ya pikipiki, ni kuhakikisha nyumba hii haiuzi maua.

Siku hela ikiingia, kaeni wawili muigawe kabla haijaguswa. Anzeni na deni la shamba. Mwaka huu mama mtoto hatashika jembe kama mwaka jana, na asilazimishwe, ananyonyesha. Ile sehemu yake ya palizi itafanywa na kibarua, na kibarua anataka kulipwa. Wengi husahau hapo. Wanahesabu nguo za mtoto na beseni, hawahesabu mikono miwili iliyopungua shambani, na ikifika Machi shamba limekuwa pori. Hela ya vibarua iwekeni pembeni siku ileile, kisha gawanyeni inayobaki kwa miezi, mkianza na ile migumu.

Sasa mahali pa kuiweka. Ndani ya nyumba isikae zaidi ya matumizi ya wiki moja au mbili. Wezi wanajua msimu kuliko sisi, moto haubishi hodi, na mchwa wa huku mnawafahamu. Tena kuna hili: mwaka 2025 Benki Kuu iliziondoa kwenye matumizi noti za zamani, zile za kuanzia 1985 hadi 2003, na ikatoa muda wa kuzibadilisha kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5. Mwenye kuficha chini ya godoro, asiyesikia tangazo, alibaki na karatasi. Malipo ya korosho siku hizi yanapita benki. Basi acheni yakae hukohuko, mchukue kidogo kidogo. Benki ikianguka, kuna Bodi ya Bima ya Amana inayomlinda mwenye akaunti hadi shilingi 7,500,000, na hela ya mkulima wa kawaida iko ndani ya kiasi hicho.

Kwenye simu wekeni hela ya usiku tu. Namaanisha nauli ya bodaboda au gari mpaka hospitali, na ya dawa iwapo zimeisha kituoni. Tiba ya mtoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya Serikali ni bure kwa sera, chanjo nazo ni bure, lakini usafiri hakuna atakayewalipia, na kutoka vijiji vya huku mpaka hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda si mwendo wa mguu. Simu hiyo iwe ya mama mtoto, laini kwa jina lake, kwa sababu yeye ndiye anayelala na mtoto. Namba ya siri asipewe wakala, wala kijana wa dukani anayesaidia kutuma. Ujumbe ukija kwamba "ile hela tuma kwenye namba hii", futeni. Anayewadai kweli atapiga simu na mtaijua sauti yake.

Kikundi cha hisa nakipenda kuliko vyote, mama mtoto aingie. Mpango huu wa sanduku na hisa ulianza Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini kama sisi, na umefika kwetu ukiwa na maana ileile: kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na kila hela inahesabiwa mbele ya wote. Kikundi kiwe kimesajiliwa, kwani tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi vinatakiwa kutambuliwa kisheria. Kikitokea kigugumizi cha mweka hazina, mtakuwa na pa kwenda. Ila lipo jambo moja ningelisema kikundini mpaka wanichoke. Kuvunja sanduku Desemba, wakati kila nyumba ina hela ya korosho, ni kumpa maji aliyetoka kunywa. Wekeni hisa nyingi Novemba na Desemba hela ikiwa nyingi, kisha vunjeni Juni au Julai. Hapo ndipo gawio linamkuta mtoto anahitaji, na mtu wa kangomba anaikuta nyumba imefungwa.

Baba mtoto, wewe una ekari ile ya bondeni. Ipande ufuta. Ufuta unavunwa korosho zikiwa bado, unauzwa kwa mnada na stakabadhi ghalani vilevile, na hela yake inaingia kwenye miezi mikavu. Mbaazi nazo zinafuata. Sioni akiba nzuri kuliko zao linalolipa wakati jirani zako wote hawana kitu. Chakula cha ghalani nacho kihesabiwe kama hela; muhogo mkavu na mtama mkiuza vyote Desemba, mtavinunua Machi kwa bei ya mwenye duka.

Hela ya korosho zilizo ghalani ambayo haijalipwa msiikopee. Msimu wa 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakabeba mzigo, bei ikatufurahisha. Lakini malipo ya wengi yalivuka mwaka, na waliokwisha kukopa kwa ahadi ile walidaiwa kila siku wakati wao wenyewe wanadai. Mikopo ya kausha damu, ya mlangoni na ya kwenye simu, ndiyo kabisa msiisogelee. Na akija mtu na mbegu ya kupanda elfu kumi uvune elfu thelathini, kumbukeni upatu wa DECI wa mwaka 2009. Watu wazima wenye akili zao walipanga foleni kuwapa wengine hela.

Kuhusu matumizi, sitawabana sana, mtoto wa kwanza anafurahiwa. Ila miezi sita ya mwanzo maziwa ya mama yanamtosha, hata maji hayahitaji. Maziwa ya kopo msiyanunue kwa sababu mmeyaona kwa watu wa mjini. Hela ya kopo mleeni nayo mama: samaki, mboga, mayai, na korosho zetu wenyewe. Sherehe ndugu watataka; semeni kiasi mapema, wajomba wakisikia.

Cheti cha kuzaliwa chukueni mwezi huu. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano RITA inakitoa bila malipo kupitia kituo cha afya au ofisi ya kata, na ndicho mtakachoulizwa mkienda kumfungulia akaunti yake benki. Hela za pongezi alizoletewa ziingie humo. Bima ya afya nayo mkaiulizie ofisi ya kijiji, sheria ya bima kwa wote ipo tangu 2023. Na katika kila akaunti na kila daftari la kikundi, andikeni jina la mrithi. Baba mtoto aandike la mama, mama aandike la baba, na mmoja wa wajomba ajue vitabu vinakaa wapi.