Maslaha ya Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu wa Garsen, Kipini, Hola na vijiji vyote vya kando ya Mto Tana, leo twataka kusema juu ya neno moja zuri ambalo tumelitia uchafu. Neno hilo ni maslaha.

Katika ilimu ya dini, maslaha ni manufaa ambayo sheria imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Lakini kwetu sisi, mtoto wa shule akidhulumiwa katika mwili wake, mara nyingi wazee hukutana, huhesabiwa ng'ombe au fedha, baba hupokea, na jambo likaitwa limekwisha kwa maslaha. Maslaha ya nani? Mkosaji amepata salama yake, wazee wamepata heshima yao, na koo mbili zimepata suluhu. Mtoto amepata nini? Kesho atarudi darasani, na huenda aliyemdhulumu ndiye atakayesimama mbele yake na chaki mkononi.

Itazameni hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya kijana aliyezini na mke wa mwajiri wake. Baba wa kijana alitoa kondoo mia na mjakazi ili amkomboe mwanawe. Mtume s.a.w. hakuikubali fidia ile. Aliamuru irudishwe kwa mwenyewe, na hukumu ipite. Ikiwa kondoo mia hawakuizuia hukumu ya Mwenyezi Mungu katika kosa la watu wazima, jee, ng'ombe wetu wataizuia haki ya mtoto asiyeweza hata kujisemea?

Wengine husema: tumeamrishwa kumsitiri Muislamu. Ni kweli. Lakini sitara ni ya aibu iliyo baina ya mtu na Mola wake. Haki ya mja aliyedhulumiwa haifunikwi, bali hurudishwa. Na wengine huogopa kumsingizia mtu. Hofu hiyo ni njema, na dawa yake ni hii: usilitangaze jambo barazani wala msikitini, lipeleke kwa wenye kazi ya kuchunguza. Kupeleka habari si kuhukumu.

Sheria ya nchi katika jambo hili haigongani na dini. Waraka Na. 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu wamtaka mwalimu mwenye habari au shaka ya haki atoe taarifa upesi, saa 24 zisipite. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 yamtia gerezani miaka isiyopungua 10 mwalimu au mtumishi wa shule, rasmi au isiyo rasmi, atakayeitumia nafasi yake kumshawishi mwanafunzi katika zinaa. Na aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, adhabu yake ni kifungo cha maisha. Tena uamuzi wa kuisimamisha kesi hauko kwa mzee, wala kwa baba, wala kwa mwalimu mkuu. Ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Basi enyi walimu wa shule na wa vyuo vya Kurani, wapishi, mabawabu na madereva: kila mmoja wenu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto akikwambieni neno, msimkemee wala msimuulize mbele ya watu. Msikilizeni, mwekeni mbali na anayemwogopa, mpelekeni hospitali, kisha toeni taarifa polisi au kwa afisa wa watoto. Asiyejua pa kuanzia na apige simu 116, haina malipo.

Nanyi wazee wetu, mmepatanisha watu baada ya damu iliyomwagika katika Tana Delta mwaka 2012, na kazi hiyo ina thawabu kubwa. Patanisheni juu ya malisho na maji. Lakini mwili wa mtoto si malisho, hauna bei ya kupatana.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuisimamisha haki, ijapokuwa juu ya nafsi zetu na jamaa zetu. Amin.