Devaki alizaa, Yashoda akalea

Wiki hii ililetwa posa hapa Gotu, na tangu siku hiyo nina kinyongo ambacho hakitoki. Wageni walipokelewa vizuri, majani ya chai na sukari vikakabidhiwa, dua ikasomwa. Mazungumzo yalikuwa yameshaiva mzee mmoja wa upande wetu aliposema, "Basi sasa aitwe mama wa kweli wa binti, asikie mwenyewe." Shangazi aliyemlea binti huyo tangu hajajua kutembea alikuwa pale pale mbele ya wazee, birika mkononi, akimimina chai. Akamalizia kikombe alichokuwa anajaza, akaliweka birika chini, akavuta mtandio wake na kwenda kukaa nyuma, karibu na moshi. Hakuna aliyemwambia arudi.

Sisemi mzee yule ana roho mbaya. Nasema kauli ile tumeizoea, na imetuzoeza dhuluma.

Kila anayeishi kando ya Ewaso Ng'iro anajua watoto wetu wanavyokua. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mifugo ilihamishwa mbali na wazazi wakaifuata. Watoto wa shule wakabaki kwa nyanya, kwa shangazi, kwa mama mdogo. Wengine walikuja kuchukuliwa, wengine wako huko mpaka leo. Aliyekesha na mtoto mwenye homa ni mlezi. Aliyeuza mbuzi ili sare inunuliwe ni mlezi. Siku ya furaha ikifika, tunamwachia birika.

Nilipokuwa nikikaa Ngara, Nairobi, mama mmoja wa Kigujarati mwenye duka la vitambaa alinisimulia habari za Krishna, nami nimezisoma tena na tena tangu wakati huo. Masimulizi ya Wahindu yamejaa mambo ya nyumbani. Ganesha na Kartikeya ni ndugu wanaoshindana mbele ya baba yao Shiva na mama yao Parvati. Rama anapelekwa uhamishoni miaka 14 kwa sababu ya mama wa kambo, Kaikeyi. Lakini habari ambayo mfugaji wa Gotu angeielewa bila kufafanuliwa ni hii ya mtoto mwenye mama wawili.

Mfalme Kamsa wa Mathura alitabiriwa kwamba mtoto wa nane wa dada yake Devaki ndiye atakayemuua. Akamfunga Devaki gerezani pamoja na mumewe Vasudeva, akawa anaua kila mtoto anayezaliwa. Sita wakafa hivyo. Wa saba alihamishwa kwa uwezo wa kimungu kutoka tumboni mwa Devaki hadi kwa Rohini, mke mwingine wa Vasudeva, naye ndiye Balarama. Wa nane, Krishna, alizaliwa usiku wa manane. Walinzi wakashikwa na usingizi, minyororo ikafunguka, na Vasudeva akambeba mtoto kichwani akavuka mto Yamuna uliokuwa umefurika mpaka kwa Nanda, mkuu wa wafugaji wa ng'ombe huko Gokul. Mkewe Nanda, Yashoda, alikuwa amejifungua mtoto wa kike usiku uleule, naye alikuwa amelala kwa uchovu. Vasudeva akamlaza Krishna pale, akamchukua yule wa kike.

Wasimuliaji wengi hupita hapo haraka. Mimi huwa nasimama. Yule mtoto wa Yashoda alipelekwa gerezani, na Kamsa alipotaka kumpiga kwenye jiwe alimponyoka akapaa, akadhihirika kuwa mungu wa kike. Lakini mama yake hakuulizwa. Hakujua hata kama kuna mtoto aliyetolewa badala. Ndiye mwanamke ambaye leo tungesema si mama wa kweli.

Na alilea hasa. Krishna alikuwa mtundu, akiiba siagi na kuwagawia nyani. Siku moja Yashoda akaamua kumfunga kwenye kinu. Kamba ikapungua kwa vidole viwili. Akaunga nyingine, ikapungua vidole viwili vilevile. Aliunga kamba zote za nyumbani, jasho likimtoka, maua yakimdondoka nyweleni, mpaka mtoto alipomwona mama yake amechoka akakubali kufungwa. Wahindu wanaamini huyo ni Mungu mwenyewe, asiyefungika kwa chochote. Aliyeweza kumfunga ni mama mlezi.

Najua nitakayoambiwa. Hayo ni ya Wahindu, sisi ni Waislamu, na kwetu mtoto huitwa kwa baba yake. Ni kweli, na nasaba haiguswi wala mirathi haibadilishwi. Lakini dini hiyohiyo inasema mtoto akinyonyeshwa na asiyemzaa kabla ya kutimiza miaka miwili, mwanamke huyo ni mama yake, na watoto wake hawezi kuwaoa. Mtume mwenyewe alilelewa jangwani na Halima Saadia, mwanamke wa kabila la wafugaji, na imesimuliwa kwamba Halima alipomjia ukubwani alimtandikia joho lake akalie. Waborana kama Waoromo wengine wana guddifachaa, mtoto anachukuliwa na kuwa wa nyumba ile kabisa. Hata Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inatambua malezi ya jamaa na malezi ya Kiislamu ya kafala. Sasa katazo la kumweka mlezi mbele limetoka wapi?

Wapo watakaosema mama mzazi ataumia, kwamba naye aliacha mtoto kwa shida, si kwa kupenda. Hoja hii naiheshimu, maana nawajua waliolia walipoondoka na ngamia. Lakini nani aliumia kuliko Devaki? Alifiwa na wanawe sita, wa nane akamsikia akikua ng'ambo ya mto. Krishna alipokuwa kijana alirudi Mathura, akamuua Kamsa, akawafungua wazazi wake, na Yashoda akabaki na nyumba tupu. Miaka mingi baadaye watu walikusanyika Kurukshetra wakati wa kupatwa kwa jua, na hapo wanawake hao walikutana. Devaki angeweza kunyamaza. Angeweza kusimama karibu na mwanawe aliye mkuu wa watu na kumwacha yule mke wa mfugaji huko nyuma. Badala yake, yeye na Rohini walimwendea Yashoda, wakamkumbatia, na mbele ya watu wote wakamwambia kwamba deni lake hawataweza kulilipa, hata wangepewa mali ya mfalme wa miungu.