Ramadhani Imekwisha, Sigara Imerudi

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Ndugu zetu wa pwani, khasa mlioko Nairobi kwa kazi na biashara, kila Ramadhani twaona jambo la kuzingatia. Mtu ambaye hakuwa akistahamili saa moja bila ya sigara hufunga tangu alfajiri, akapita katikati ya mji mbele ya maduka yanayouza tumbako, wala asiiguse. Jua likichwa, akisha kula tende na kusali, hutoka msikitini akaiwasha. Na siku ya Idi huanza asubuhi.

Basi asitwambie kuwa hawezi. Saa kumi na tatu ameweza. Kilichomshinda ni nini?

Hakushindwa na nia, ameshindwa na mazoea. Mazoea yana mahali pake na wakati wake: kahawa ile ile, baraza ile ile, marafiki wale wale. Mchana wa Ramadhani hayo yote huondoka pamoja. Usiku hurudi, na mkono ukafuata. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 imekataza kuvuta mbele za watu, walakini haimfuati mtu chumbani mwake Kawangware wala Kilimani.

Wataalamu wa University College London walichungua watu 96, wakaeleza mwaka 2009 kwamba tendo jema lifanywalo kila siku kwa wakati wake huchukua kadiri ya siku 66 kuwa mazoea; kwa wengine 18, kwa wengine 254. Na aliyekosa siku moja hakuharibikiwa. Nasi tulikwisha funzwa na Mtume (S.A.W.), katika Hadithi ya Bibi Aisha, kuwa amali ipendwayo zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni chache.

Kwa hivyo siku 30 ni mwanzo tu. Atakaye kuacha na ashike tendo dogo pahala pa sigara: baada ya magharibi apige mswaki, kisha akae na wasiovuta mpaka isha. Arudiye Kangemi ashuke garini kituo kimoja kabla, aende kwa miguu. Adumu hivyo Mfunguo Mosi na Mfunguo Pili. Uchu ni mkali siku za mwanzo, kisha hupungua. Akiteleza, atubu aendelee, asiseme, "Nimekwisha haribu."

Ndugu, moshi wa baba huingia kifuani mwa mtoto, na mtoto hana hiari. Tutaulizwa juu yake.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.