Nani Aiite Hasara Neema?

Mkristo aliyelelewa katika mahubiri yetu amezoea kusikia kwamba hasara ni shule ya Mungu, na hoja hiyo haikosi msingi. Katika waraka wake kwa Warumi, Mtume Paulo anaieleza dhiki kuwa chanzo cha saburi, na saburi kuwa njia ya kufikia tumaini. Lakini Paulo alikuwa akisimulia dhiki iliyompata yeye pia. Ni nani, basi, mwenye haki ya kuiita hasara neema?

Mji wa Guangzhou una visa viwili vya kulipimia swali hili. Cha kwanza ni cha mchungaji Lin Xiangao, aliyejulikana nje ya China kwa jina la Samuel Lamb. Alikamatwa mwaka 1955, akaachiliwa, kisha akakamatwa tena mwaka 1958. Kwa jumla alikaa kifungoni zaidi ya miaka 20, akifanya kazi ngumu hata katika migodi ya makaa ya mawe mkoani Shanxi. Mkewe alifariki kabla yeye hajafunguliwa. Baada ya kurejea alikusanya waumini nyumbani kwake, mtaa wa Damazhan, na polisi walipoivamia nyumba hiyo mwaka 1990, waumini waliongezeka badala ya kutawanyika. Hadi alipofariki mwaka 2013, aliwaambia wageni wake kwamba mateso yakizidi, kanisa nalo huzidi kukua.

Kauli hiyo, ikitoka kinywani mwake, ni vigumu kuipinga: alikwisha kuilipia. Sasa ihamishie kwenye kisa cha pili. Aprili 2020, wakati wa hofu ya korona, Waafrika wengi mjini humo walitolewa katika nyumba walizopanga na kukataliwa hotelini, hata wale ambao hawakuwa wamesafiri. Baadhi yao walilala nje na mizigo yao. Mabalozi wa nchi za Kiafrika mjini Beijing waliandika barua ya malalamiko. Makanisa nayo yalikuwa yamefungwa, likiwemo Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lile la mawe lililokamilika mwaka 1888, ambako Waafrika wengi walizoea kusali Jumapili. Mwendee mtu aliyeketi juu ya begi lake kando ya barabara, umwambie kwamba Mungu anamkuza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na wewe si maiti.

Marafiki wa Ayubu walikuwa na maelezo ya kila jambo. Mwishoni mwa kitabu, Mungu anawakasirikia hao waliojidai kumtetea, na kusema kuwa mlalamikaji ndiye aliyenena yaliyo sawa. Mahubiri mengi huipita aya hiyo haraka, labda kwa sababu inawagusa wahubiri. Malalamiko ya Ayubu yalikuwa imani, maana hakuna amlalamikiaye asiyeamini kuwa yupo na anasikia.

Sidhani kwamba maumivu yenyewe humtakasa mtu. Mara nyingi humwachia uchungu na hila. Linalofanywa na hasara ni kuondoa pazia. Mfanyabiashara aliyepoteza chumba, mtaji na sifa aliyokuwa nayo kwao huweza kutambua kama alimtegemea Mungu au kontena litakalofika Mombasa. Wengine hugundua kwamba lilikuwa kontena. Ugunduzi huo huweza kuwa mwanzo wa sala ya kweli, ila huchukua muda, na haumwondolei mwenye nyumba hatia ya kumtupa mpangaji wake nje. Lin alimshukuru Mungu. Hilo halikuufanya ufungwa wake kuwa wa haki.

Zaburi ya 88, tofauti na nyingi za maombolezo, inaishia gizani, pasipo shukrani wala ahadi. Waliozikusanya zaburi waliiacha hivyo hivyo, nasi tumeruhusiwa kuisali.