Risasi Hununuliwa Mchana

Baada ya somo letu la Kutoka 22, ndugu mmoja mwenye leseni ya bastola aliuliza anunue risasi za aina gani za kulinda nyumba yake. Watu walicheka. Mimi naona hilo ni swali la kiroho kuliko mengi tunayoletewa ofisini.

Kutoka 22:2-3 inatuambia kwamba mwizi akipatikana akivunja nyumba usiku, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Jua likishachomoza, ana hatia. Mbona jua? Kwa sababu usiku huoni kama mtu amekuja kuiba kuku ama kuua watoto. Mungu anaijua hofu ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Sasa, risasi hainunuliwi usiku. Unainunua mchana, dukani, umetulia, cheti mkononi, maana Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti kitaje silaha yako na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Ile huruma ya giza haifiki kwenye kaunta. Pale unachagua na akili zako zote, na uchaguzi wako unaonyesha unamtakia nini mtu ambaye hata hujakutana naye.

Kuna risasi ambayo kichwa chake kimevikwa shaba. Hiyo hutoboa na kuendelea na safari: inaweza kumpita mtu, ipite mlango wa mbao, ipite mabati. Nyingine ina tundu kwenye ncha. Ikiingia mwilini hupanuka, hupunguza mwendo, na mara nyingi hubaki humo humo. Jeraha lake ni baya, na azimio la Hague la 1899 lilikataza risasi za kupanuka vitani. Lakini polisi wa jiji la New York walizikubali hizo hizo miaka ya 1990, sababu moja ikiwa zile za kupenya zilikuwa zinawapita washukiwa na kupata watu wasiohusika.

Kwa hivyo ile inayoonekana katili ndiyo inayomhurumia jirani. Na jirani hakuvunja nyumba yako! Angalia tunavyoishi: huku mabati, kule ukuta wa mbao kati ya familia mbili, na hata kwenye nyumba ya mawe, chumba cha watoto kimetengwa kwa ubao mwembamba tu. Nilimwambia ndugu yetu wazi: ukishaamua kuwa na bastola, chukua ile ya tundu, kama cheti chako kinairuhusu. Na usijidanganye, maana ikimkosa mtu, hiyo pia inapita ukuta mwembamba.

Kuna jambo lingine linanisumbua zaidi. Nimesikia wanaume wa kanisa, watu wa kufunga na kuomba, wakisifu risasi fulani ati "hiyo inararua." Yaani mdomo unaonja utamu wa jeraha. 1 Yohana 3:15 inamwita anayemchukia ndugu yake muuaji, na bado hajainua mkono. Watu wawili wanaweza kununua pakiti moja ya risasi, mmoja akitaka tu hatari isimame, mwingine akingoja siku ya kuitumia. Muuza duka hawezi kuwatofautisha.

Petro alikuwa na upanga pale Gethsemane. Yohana 18 inasema Yesu alimwamuru aurudishe alani, hakumwambia autupe. Wanaopenda silaha hushangilia hapo, nami nakubaliana nao nusu. Nusu nyingine iko Luka 22:51: Bwana aligusa sikio la mtumishi yule akamponya, mtu aliyekuja na kundi la kumkamata. Sikio lilirudi. Risasi ya aina yoyote ikishatoka, hatuna mkono huo wa kurudisha.

Tena anayefungua mlango saa kumi usiku si lazima awe mwizi. Anaweza kuwa kijana wako ametoka kesha, anatafuta tundu la kufuli gizani kwa sababu stima imepotea. Uliza jina kwanza, washa tochi, mwone uso. Kesha lijalo ni Ijumaa. Vijana wataachiliwa saa kumi na moja alfajiri, na tumewaomba wapige simu nyumbani kabla hawajafika langoni.