Mkia wa Pikapu Umeinuliwa kwa Sababu

Wanangu wa Ndau, nimesikia mmechanga fedha za kamba na kaa mkanunua Hilux, na sasa mnatafuta fedha nyingine ili muiinue. Pikapu haiji kisiwani kwetu. Inawangoja Mokowe, ipokee masanduku ya samaki kutoka kwenye boti, ipite Hindi na Witu hadi Garsen, kisha ishike njia ya Malindi na Mombasa. Kabla hamjamlipa fundi, nisikilizeni, maana huko nyuma hamtapakia samaki peke yao. Mtapakia na watu.

Mnasema gari limeinama mbele, halina sura, mnataka liwekewe vipande vya chuma juu ya springi za mbele ili lilingane. Litazameni tena. Kiwanda kiliuacha mkia juu makusudi. Gari hilo limeundwa kubeba karibu tani moja, na mzigo ukishaingia mkia hushuka likalingana lenyewe. Ukiiinua pua kwa inchi mbili, gari likiwa tupu litakupendeza. Likijaa barafu, mkia utazama na pua itaelekea mbinguni. Taa zitawapiga machoni madereva wanaokuja, na magurudumu ya mbele, yenye usukani na sehemu kubwa ya breki, yatashika barabara kwa ulegevu. Na njia ya Witu usiku mnaijua, wanyama hukatiza bila hodi.

Kuna na jambo ambalo mafundi wengi wa kando ya barabara hawaligusi. Pikapu nyingi za kazi zina vali ya breki kule nyuma, imeunganishwa na ekseli kwa kijiti. Mzigo ukiushusha mkia, kijiti husogea na vali huzipa breki za nyuma nguvu zaidi. Ukiinua mkia bila kukirekebisha kijiti hicho, vali huhesabu gari kuwa tupu hata likiwa limejaa hadi juu. Utakanyaga breki kwenye mteremko na nyuma hakutakuwa na msaada unaoutegemea. Mipira ya breki nayo, ikiwa haikurefushwa, hukazwa hadi ipasuke. Propela hukaa kwa pembe mbaya, gari likaanza kutetemeka na viungo vyake vikaliwa mapema.

Nyinyi ni watoto wa mashua. Farumi mnaijua kazi yake, na mnajua chombo kilichopakiwa juu hufanya nini kusi ikikipiga ubavuni. Gari lililonyanyuliwa, lenye masanduku na juu ya masanduku abiria, likikwepa ng'ombe kwa ghafla huenda njia hiyo hiyo. Hili ndilo linalonikosesha usingizi, na sitaki mlichukulie kuwa ni uoga wa mzee.

Wengine watanijibu kwamba wanainua kwa ajili ya mchanga na matope ya njia ya Hindi kwenda Kiunga. Basi ingieni chini ya gari mtazame: kinachokwama kwanza ni difu ya nyuma, na difu hiyo iko kwenye ekseli. Springi ndefu huinua bodi na chesisi, difu ikabaki pale pale. Difu hiyo huinuliwa na tairi kubwa tu, na tairi kubwa ina gharama zake kwa injini na breki. Kwenye mchanga, punguzeni upepo wa tairi hadi karibu PSI 18, mwende taratibu, na pampu iwe ndani ya gari ili mjaze tena mkifika penye lami. Hilo peke yake litawatoa pengi.

Na mto Tana ulipofurika mwishoni mwa 2023 ukaikata barabara pale Lango la Simba, inchi mbili zisingemvusha mtu. Difu yenye joto ikizama kwenye maji baridi huyafyonza kupitia kipumulio chake. Kirefusheni kwa mpira hadi juu, ni kazi ya bei ndogo. Mkondo ukiwa na nguvu, subirini, hata samaki wakiharibika.

Ikiwa mkia unazama kweli kwa mzigo wenu wa kila siku, hapo fedha itoke. Nunueni springi za nyuma zilizotengenezwa kwa uzito huo, pamoja na shokomzoba zinazolingana nazo. Kampuni kama Old Man Emu ya Australia huziuza kulingana na kilo za mzigo. Yuboti ziwe mpya, kwa sababu za zamani zimeshaliwa na maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye masanduku, na zikazwe tena baada ya safari za mwanzo. Alaimenti ipimwe. Na jueni kwamba springi ngumu haiongezi tani: chesisi, ekseli na breki ni zile zile.

Mizani ya kamba mnayo. Pimeni samaki, pimeni barafu, pimeni masanduku, mhesabu na watu. Jumla hiyo mwandikieni fundi kwenye karatasi. Akiwauliza mnataka liinuke inchi ngapi kabla hajauliza kilo ngapi, chukueni ufunguo mwondoke gereji hiyo.