Kamera Haikujua Mimi ni Pasta

Wiki hii nina jambo la kukiri kabla ya kuwafundisha lolote.

Jumanne nilikuwa natoka Ruai kuomba na familia iliyofiwa, nikirudi Kayole kwa Kangundo Road. Nilikuwa nimechelewa ibada ya jioni. Afande akanisimamisha, akanionyesha kamera: namba ya gari, saa, na 67. Ndani ya jiji mwisho ni 50. Sikuwa na la kubisha. Kwa kanuni za 2016 za makosa madogo ya barabarani, ukizidisha kilomita 16 hadi 20 kwa saa, faini ni shilingi 10,000.

Nyuma yangu walisimamisha kijana wa Probox iliyojaa sukuma wiki. Yeye kamera ilisema 63. Hiyo ni shilingi 3,000.

Hongo sikutoa. Hilo niliamua zamani, na nimewahubiria hapa. Lakini nilisema hivi: "Afande, mimi ni pasta, nawahi ibada." Akacheka, akanirudishia leseni. "Enda pasta, utuombee." Nikaenda. Kwa kioo nikaona kijana bado amesimama kando ya gari lake.

Njiani nilimshukuru Mungu kwa kibali! Nilifika Spine Road ndipo moyo ukaanza kunisumbua. Mimi nilisomea biashara, na kwa vitabu vya hesabu deni halipotei hivi hivi, lazima liandikwe mahali. Kama mfuko wangu haukutoa kitu, ni nini kilitoka? Ni jina la Mungu. Nililitoa pale ambapo wengine hutoa mia mbili.

Mtu ataniuliza, si Paulo pia alitaja hadhi yake? Soma Matendo 22. Alisema yeye ni raia wa Rumi ili sheria ifuatwe, asipigwe kabla ya kuhukumiwa. Mimi nilitaja yangu ili sheria iniruke. Halafu soma 24:26, uone Feliki akitarajia pesa kutoka kwa Paulo huyo huyo. Miaka miwili ikaisha Paulo angali kifungoni. Mtume mzima! Mimi dakika kumi zilinishinda.

Na rehema je? Kama afande angetusamehe sote wawili, labda ningeiita rehema. Lakini aliyekosa zaidi ndiye alienda. Kamera ilitupima kwa kipimo kimoja, ni sisi watu tuliobadilisha hesabu.

Nilimweleza mzee mmoja wa kanisa. Akasema, "Pasta, usijisumbue, hicho ni kibali." Hatukuelewana, na bado tunaongea. Faini yenyewe sina pa kuilipa, kwa sababu hakuna karatasi iliyoandikwa. Alhamisi nilipita pale tena, nikaenda 50, matatu zikinipigia honi nyuma. Kijana wa Probox sijamwona. Nikikutana naye sijui nitaanza vipi, maana "Bwana asifiwe" nahisi sitaweza kuitanguliza.